Makofi Mawili ya Kushukia

Katika kosta za barabara ya Sumbawanga kwenda Matai kuna kiti ambacho hakigombewi. Kiko juu kabisa ya tairi la nyuma, upande wa kushoto. Anayekikalia magoti humfika kifuani, na kila shimo la barabarani humpitia yeye uti wa mgongo kabla ya kuwafikia abiria wengine. Kila Alhamisi kiti hicho ni cha Marsiana, mwanamke wa miaka sitini na mmoja kutoka Msanzi, na makonda humtunzia kama mgeni rasmi anavyotunziwa kiti cha mbele. Mwanzoni walidhani ni unyenyekevu. Baadaye wakadhani ni ukaidi. Ukweli ni kwamba Marsiana haoni wala hasikii, na kiti cha juu ya tairi ndicho pekee ndani ya gari kinachosema.

Macho yaliondoka polepole, kwa miaka kumi, kama mtu anayeaga nyumba kwa nyumba. Masikio yaliondoka kwa wiki moja ya homa, miaka kumi na minne iliyopita, bila kuaga. Darasa la saba alilimaliza akiwa anaona, herufi anazijua, kwa hiyo nyumbani wanamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi kubwa moja baada ya nyingine. Mwanawe wa kwanza, Felisiani, ambaye ni mwenyekiti wa kitongoji na anapenda maandishi, huandika sentensi nzima na kuweka nukta. Bertilla, mke wa Felisiani, ana kazi nyingi zaidi na kwa hiyo ana vifupisho: kubana kidole gumba ni ndiyo, kidole cha mwisho ni hapana, kukuna katikati ya kiganja ni chakula tayari. Marsiana mwenyewe hujibu kwa mdomo, kwa sauti ambayo siku hizi haina mtu wa kuipima. Akikunong'oneza siri, nyumba ya tatu wanaipata.

Anafuma sweta za shule. Kwenye mji wenye upepo kama wa Sumbawanga, ambako mwezi wa sita mtoto asiye na sweta hujua kutetemeka kabla hajajua kusoma, hiyo si kazi ndogo. Kikundi cha wafumaji kina chumba karibu na soko, wanawake tisa, na kila Alhamisi Marsiana hupeleka alizofuma na kukagua walizofuma wenzake. Hakuna aliyemteua kuwa mkaguzi. Siku moja tu alipitisha vidole kwenye sweta la jirani yake, akasimama pale penye kitanzi kilichoruka, akasema kwa sauti ya kusikiwa sokoni, "Hapa ulikuwa unapiga soga." Tangu hapo hakuna sweta linalotoka bila kupita kwenye vidole vyake.

Kwenda mjini hakujawahi kuwa tatizo. Sumbawanga ni mwisho wa safari. Gari likizimwa, umefika. Tatizo ni kurudi. Msanzi iko katikati ya njia, na konda humkumbuka abiria mpaka anapopata abiria mwingine. Marsiana hakuweka tumaini lake kwa konda. Aliliweka kwenye matuta. Kutoka stendi mpaka Msanzi, pale kanisani, yalikuwa matuta thelathini na moja, naye aliyahesabu kwa rozari, tuta moja punje moja. Abiria waliomwona akisogeza punje, kichwa kimeinama, walijua wamepanda na mcha Mungu, na wengine walipunguza matusi. Hakuwakatalia. Punje ya thelathini na moja ikifika alisema, "Shusha," na gari likasimama Msanzi. Alifanya hivyo miaka kumi na moja bila kukosea, na bila kusali.

Mwaka jana wenye barabara waliongeza matuta manne mbele ya shule moja, jambo jema ambalo kila mtu alilipongeza. Hakuna aliyefikiri kulipeleka kiganjani mwa mtu. Alhamisi iliyofuata, punje ya thelathini na moja ilifika kwenye kijiji cha kabla ya Msanzi. Marsiana akashuka, akatembea hatua zake, akakata kulia, akaingia ua wa watu, akaketi jikoni na kuomba maji. Wenye nyumba walikuwa watu wa adabu; mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Wakampa maji, wakampa ugali wa ulezi na maharage. Akala, akasema leo Bertilla kazidisha chumvi.

Felisiani alimpata jioni, baada ya kupita kila mlango wa kijiji kile. Alimshukuru mwenye nyumba, akamshika mama yake mkono, na wakati wa kutoka ndipo alipoona kwamba njia ya kuingia ua ule inapita ukingoni mwa bwawa la kunyweshea ng'ombe. Nyayo za mama yake zilikuwa bado kwenye tope, shibiri moja kutoka majini. Alizitazama kwa muda mrefu. Usiku ule hakula.

Jumapili, baada ya misa, aliita kikao cha familia na kuandika uamuzi kwenye daftari: Mama hatasafiri tena peke yake. Sweta zitapelekwa na Bertilla. Kisha akauandika uamuzi uleule kiganjani, mpaka nukta.

"Barabara imekosea," Marsiana alisema, "halafu mimi ndiye nikae nyumbani?"

KWA USALAMA WAKO.

"Na Bertilla ataenda kukagua kwa vidole vya nani?"

Bertilla, ambaye hajawahi kufuma hata kitambaa cha meza, aliwaambia wale wanaosikia kwamba na yeye ana swali hilohilo. Swali halikuingia kwenye daftari.

Mwezi mmoja baadaye likaja gari lenye nembo ubavuni. Ndani yake alikuwemo Zephania, mtaalamu kutoka pwani, na mradi wenye jina refu ambalo lilizunguka fulana yake kifuani likamalizikia kwapani. Mradi ulikuwa unatafuta watu wasioona na wasiosikia ambao bado wanapanda magari ya abiria. Wilaya nzima walikuwa wamempata mmoja, na huyo alikuwa amepigwa marufuku.

Zephania alipokewa kama mgeni anavyopokewa Ufipa. Watu saba wa ua ule, mmoja baada ya mwingine, walichutama mbele yake, wakapiga makofi laini kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, wakauliza habari za alikotoka, za njiani, za wazazi, za kazi. Iliwachukua robo saa. Muda wote huo kitu kwenye boksi lake kilikuwa kinatetema. Alikigonga mara mbili tatu, akasema betri.

Kilikuwa bangili nyeusi, nyepesi, nzuri. Akaieleza kwa utaratibu.

"Za mwanzo zilikuwa na kitufe, konda anabonyeza. Makonda wakavipoteza vyote ndani ya wiki mbili. Tukakaa chini tukajiuliza, ni kitu gani konda hawezi kupoteza?"

"Mdomo," alisema Bertilla.

"Mikono," alisema Zephania. "Sasa konda anapiga tu makofi mawili akiwa karibu. Bangili ina masikio makali, inasikia, inatetema mara mbili mkononi. Mama anajua amefika, anashuka. Na kwa kuwa watu hawapigi makofi ndani ya gari, hakuna kuchanganyikiwa."

Watu saba walimtazama mgeni, kisha wakatazama mikono yao. Mgeni haambiwi amekosea hali chai yake haijaisha, na ilipoisha alimiminiwa nyingine. Baadaye kabisa, Bertilla alijitetea kwamba alidhani Zephania anajua. Msomi vile.

Felisiani alikipenda kifaa, hasa kwa sababu kilikuja na fomu. Aliongeza mstari kwenye daftari: Mama atajaribu Alhamisi tatu. Akishuka mahali sahihi mara zote tatu, ataendelea kusafiri peke yake. Akipotea hata mara moja, uamuzi wa kwanza unabaki. Marsiana alisomewa kiganjani, akakubali, kwa kuwa hakuletewa kingine cha kukubali. Aliuliza jambo moja tu, matuta sasa ni mangapi. Bertilla akamwandikia: 35.

Zephania aliomba asihesabu, ili matokeo yawe safi.

"Mwambieni," alisema Marsiana, "rozari haizuiwi na mradi."

Zephania akaandika kwenye fomu kwamba mshiriki ni mtu wa imani.

Alhamisi ya kwanza konda alikuwa Nestory, ambaye alikuwa anamfahamu Marsiana kwa miaka sita. Zephania alimfundisha stendi, makofi mawili, bangili ikatetema, wote wakaridhika. Marsiana akapanda na kukaa kwenye kiti chake. Akaingia mwanamke mwenye ungo, akamwona mtu mzima ameketi, akainama kadiri ungo ulivyomruhusu, akapiga makofi. Marsiana akasimama.

"Shusha."

Gari lilikuwa halijawashwa. Nestory alimkalisha kwa kumgusa bega. Akaingia mzee na mkewe, wakasabahi. Marsiana akasimama. Wakaingia wanafunzi wanne wenye malezi mazuri.

"Mama, tulia basi, hata mjini hatujatoka," Nestory alimwambia mtu asiyesikia.

"Kwani huyu mama leo ana nini?" abiria mmoja akauliza.

"Ana mradi."

Mpaka Msanzi Marsiana alikuwa amesimama mara tisa. Ya kumi ilikutana na punje ya thelathini na tano na makofi halali ya Nestory, akashuka pale kanisani. Zephania, aliyewatangulia kituoni na gari la mradi, akaweka alama ya vema. Marsiana alifika nyumbani, akavua bangili na kuitupa mezani.

"Kitu hiki kina wazimu. Kimeniambia nimefika mara kumi. Mimi nina nyumba kumi?"

Bertilla alimshika mkono. Kwa jambo hili hakuwa na kifupisho, akaliandika lote: WATU WANAKUAMKIA.

"Kina nani?"

WOTE.

"Tangu lini?"

Bertilla alifikiri kidogo. SIKU ZOTE.

Kijijini watu humshika Marsiana mkono, naye hujua. Lakini ndani ya gari mtu hamshiki mkono asiyemjua. Humpigia makofi, adabu imetimia. Marsiana alikuwa ameamini kwamba tangu masikio yalipoondoka, watu wa barabarani waliacha kumsabahi. Aliona ni haki yao. Nani anasabahi nguzo? Alikuwa amewasamehe, na kidogo alikuwa anajivunia msamaha huo. Watu wa barabarani nao, kwa miaka kumi na minne, walikuwa wamemsabahi mama wa rozari asiyeitikia, wakamwona ana kiburi, wakamsamehe kwa sababu ya umri. Pande zote mbili zilikuwa zimesameheana bila kuulizana kosa.

"Miaka kumi na minne," alisema Marsiana. "Watu wananipigia makofi, mimi nimekaa kama kinu. Na wewe, mwanangu, upo hapa, unanikuna kiganja, chakula tayari, chakula tayari."

NILIDHANI UNAJUA.

Alhamisi ya pili Nestory aliamua kuusaidia mradi. Kabla ya kuondoka stendi alisimama mlangoni.

"Jamani, huyu mama wa kiti cha tairi msimwamkie. Ni maelekezo."

"Ya nani?" aliuliza mzee Wilibrodi, mkulima wa mahindi aliyekuwa anarudi kwake na dawa ya panya.

"Ya wataalamu. Ukipiga makofi anashuka."

"Kwa hiyo nipande gari, nimkute mtu mzima, nikae kama mbuzi."

"Kaa kama mbuzi, baba. Leo tu."

"Mbuzi naye hulia akiingia," mzee Wilibrodi alisema, akakaa, akaikalia na mikono yake ili isimponyoke.

Kosta ile ilikwenda Msanzi kimya kama gari la msiba. Waliopandia njiani walionyeshwa kidole mdomoni, wakadhani kuna maiti, wakavua kofia. Punje ya thelathini na tano, Nestory akapiga makofi mawili, Marsiana akashuka. Vema ya pili. Felisiani alifurahi, Zephania akapiga picha. Marsiana peke yake hakufurahi. Alimwuliza Bertilla, kwa sauti ya nyumba tatu, amewakosea nini watu wa barabara ile, mbona leo hakuna hata mmoja aliyemwamkia.

Ikabaki Alhamisi moja. Felisiani alilifungua daftari na kulifunga mara kadhaa wiki ile, kama mtu anayechungulia chungu.

Alhamisi ya tatu Nestory alikuwa Chala kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Kazi alimwachia konda mwingine, Beda, na maelekezo kwa simu: mama wa kiti cha tairi, Msanzi kanisani, makofi mawili. Habari za kukataza watu hakuzitaja. Simu ilikuwa inakatika. Zephania na Felisiani walikwenda kusubiri kituoni Msanzi, mmoja na fomu, mwingine na pikipiki; gari la mradi lilikuwa limeitwa mjini.

Marsiana naye alikuwa ameamua. Deni la salamu la miaka kumi na minne haliwezi kulipwa lote, lakini mtu huanza. Mwanamke wa kwanza alipoingia na bangili ikatetema, hakusimama. Aliinamisha kichwa, akapiga makofi, akaitikia kwa Kifipa, kwa sauti iliyomfikia dereva. Yule mwanamke alifurahi sana, akapiga tena. Marsiana akaitikia tena.

Jambo ambalo pwani halikuwa limejaribiwa ni kwamba bangili yenye masikio makali humsikia hata anayeivaa. Marsiana alipiga makofi, bangili ikatetema. Akaelewa kwamba kuna mwingine anayemsabahi, akaitikia. Ikatetema. Watu wa barabara hii kumbe ni wengi, na wana adabu isiyo na mwisho. Bangili ilimwamkia, naye akaijibu, kutoka stendi mpaka nje ya mji, na abiria walipoona mama wa rozari amefunguka namna ile, nao hawakutaka kushindwa. Gari lote lilikuwa linasabahiana. Mikono yake miwili ilikuwa na kazi. Rozari ililala mapajani kwenye punje ya saba, na matuta yakapita bila mtu wa kuyahesabu.

Msanzi, Beda alifungua mlango. Watu watatu walishuka. Akamgeukia mama wa kiti cha tairi na kupiga makofi mawili, sawasawa na alivyoagizwa.

Marsiana aliinama, akapiga makofi, akaitikia vizuri kabisa, akatulia kwenye kiti.

Beda alisubiri. Alikuwa ameamkia, ameitikiwa. Hakuona kilichobaki.

"Si anashuka hapa?" abiria wa nyuma akauliza.

"Kaitikia," alisema Beda. "Labda kabadili mawazo. Mtu mzima humsukumi." Akamgongea dereva bodi la gari. "Twende, suka."

Felisiani, ambaye Zephania alimzuia asilisogelee gari ili matokeo yawe safi, alimwona mama yake dirishani akipita, mtulivu, akiwaitikia watu.

Zephania aliandika kitu, akakifuta. "Kifaa kimefanya kazi," alisema. "Umeona? Amehisi."

"Kimefanya kazi wapi, na mama anakwenda Matai?"

Pikipiki ilikataa kuwaka kwa dakika ishirini. Simu ya Felisiani ilikuwa dukani inachajiwa, na hakutaka kupoteza muda kuifuata. Walipoondoka, Zephania alikaa nyuma akiwa ameshika fomu kwa meno.

Matai gari lilizimwa. Marsiana alihisi injini imekufa, viti vinainuka kimoja kimoja, upepo unaingia mlangoni. Ukaja pamoja na harufu ya samaki, migebuka mibichi, na siku ya Alhamisi Msanzi hakunuki migebuka. Inanuka Matai, inakopitia ikitoka ziwani. Alitafuta rozari, akaikuta kwenye punje ya saba.

"Konda," alisema. "Hapa ni Matai. Umenipitiliza."

Beda alikuja mbio, akaelewa, akafanya linalofanywa na mtu wa huku akitaka radhi: akachutama, akapiga makofi. Bangili ikatetema. Marsiana akaivua, akaitia kwenye kikapu chini ya nyuzi.

"Nitafutie gari la kurudi. Nishike hapa, kwenye kiwiko."

Beda alimpeleka kwenye Noah iliyokuwa inajaza abiria. Matuta ya upande ule Marsiana hakuyajua hata moja, hayajawahi kuwa yake. Alikaa, akanyoosha mkono kwenye giza lake.

"Nani yuko karibu nami? Nipe mkono wako. Mimi sisikii, usinijibu. Tukifika Msanzi kanisani, uachie."

Aliyekuwa karibu ni Stumai, mchuuzi wa samaki kutoka Kasanga, aliyekuwa anapeleka matenga mawili Sumbawanga. Stumai alitazama mkono uliokuwa mbele yake, akafuta wake kwenye khanga, akautoa. Walisafiri hivyo, wameshikana kama wachumba, na kona zikizidi Stumai alibana zaidi. Karibu nusu ya njia walipishana na pikipiki iliyokuwa inakimbia upande wa pili. Aliyekuwa nyuma alikuwa na karatasi mdomoni. Msanzi, Stumai akaachia. Marsiana alishuka, akahesabu hatua zake, akakata kulia. Safari hii jiko alimokaa lilikuwa lake.

Matai, Felisiani aliuliza stendi, aliuliza kituo cha polisi, aliuliza kwa wauza samaki. Beda alikuwa ameshageuza na gari. Mnadani alimwomba mwenye kipaza sauti atangaze: mama Marsiana wa Msanzi, popote ulipo, mwanao anakutafuta. Zephania alikumbusha kwamba hatasikia. Felisiani alisema ni kwa ajili ya wengine. Lilitangazwa mara tatu kati ya bei za ng'ombe. Kisha wakaenda kutazama mto.

Walirudi jua limeshashuka. Felisiani alikuwa mweupe wa vumbi mpaka kope. Mama yake alikuwa jikoni anachambua maharage. Bertilla alitaka kusema kwamba alipiga simu mara sita na mwenye duka ndiye aliyekuwa anapokea, lakini alimtazama mume wake usoni, akaacha. Felisiani akavuta kigoda, akaketi, akaushika mkono wa mama yake ukiwa bado na maharage.

ULIPOTEA.

"Nani kanipata?" aliuliza Marsiana.

Kidole kilisimama hewani.

"Mara ile nilipotea, sikatai. Nilikaa kwa watu nikidhani ni kwangu, nikalaumu chumvi isiyonihusu. Leo nilijua nilipo. Nilikuwa Matai. Nikapanda gari nikarudi. Wewe ulikuwa wapi?"

MATAI.

"Ulijua nilipo?"

HAPANA.

"Basi leteni daftari."

Daftari likaletwa, Bertilla akasoma kwa sauti: akipotea hata mara moja. Zephania, ambaye alikuwa amepewa chai na alikuwa anaipuliza, alisema kwamba kwa haki fomu ya mradi inafafanua neno hilo. Aliyepotea ni msafiri asiyejua mahali alipo au anakopaswa kwenda. Akaisoma tena, polepole. Kwa ufafanuzi huo waliopotea leo walikuwa wawili, na wote walikuwa kwenye pikipiki. Bangili alikuwa tayari kuichukua, akasema.

Bertilla alipomfikishia, Marsiana alikataa. "Hii si ya kushukia. Hii ni ya kuamkiwa. Iondolewe tu kelele zangu mimi." Zephania alitafuta sehemu ya fomu inayohusu jambo hilo, akageuza nyuma, hakuiona.

Felisiani hakucheka. "Na lile bwawa?" alisema kwa mdomo, kwa Bertilla. "Fomu inasema nini juu ya lile bwawa?"

Bertilla hakuandika. Marsiana alikuwa amehisi kimya kirefu kwa namna anavyohisi, mkono wa mwanawe umekaza na hauandiki. Alikifungua kiganja chake, akasubiri. Felisiani akaandika. BWAWA.

"Bwawa gani?"

Hapo akaandika yote: njia ya kuingia ule ua, maji, tope, nyayo, shibiri moja. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwandikia, na haikuwa na nukta. Marsiana alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua harage moja, akalipapasa, akalirudisha.

"Siku zote hizi umelibeba hilo bwawa peke yako," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutoka nje ya jiko. "Ungeniambia siku ileile. Mimi nilidhani unaniona mjinga."

HAPANA.

"Ni hatua ngapi kutoka kwenye lami?"

Felisiani hakujua.

"Basi hesabu uniambie. Alhamisi ijayo ninaenda, wafumaji wana sweta arobaini hazijaguswa. Nikikosea tena nikashuka pale, nijue pa kusimama."

Felisiani hakuandika ndiyo. Alilichukua daftari, akalikalia. Zephania alilala kwa paroko, akaondoka asubuhi na taarifa iliyosema kwamba kifaa ni kizuri ila mazingira yana salamu nyingi. Bangili ilibaki kwenye kikapu, na kwenye taarifa ikaandikwa kuwa iko kwenye matengenezo.

Ijumaa Felisiani alikwenda kijiji kile cha kabla ya Msanzi. Aliegesha pikipiki kwenye tuta aliposhukia mama yake, akatembea kutoka lami mpaka ukingo wa maji, akahesabu. Kisha akakumbuka kwamba hatua zake ni ndefu kuliko za mama yake. Akarudi barabarani, akaanza upya, kwa hatua fupi, huku amefumba macho na kunyoosha mkono mmoja mbele, na mwalimu aliyekuwa kwenye dirisha la shule akawaita wenzake waje wamwone mwenyekiti wa kitongoji cha watu. Walimpigia makofi ya salamu. Aliitikia, na ikabidi aanze tena.